Gari "iko Kasumbalesa": avansi inatumwa, gari haifiki

"Gari iko Kasumbalesa, inabakia tu kulipa duane. Tuma dola 300 leo, kesho unaendesha." Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, mwenye kutafuta gari ya okazyo kwenye Facebook na WhatsApp anaweza kupokea ujumbe wa namna hii. Picha ni nzuri, bei ni nusu ya ile ya soko. Makuta ya likelemba inaenda, simu ya muuzaji inazimwa.

Wengi wanacheka aliyeibiwa: kwa nini alilipa kitu hajaona? Lakini kicheko hicho si cha haki. Gari nyingi za Katanga zinatoka Japani, zinashuka bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Ni safari ya wiki nyingi, na hata mwenye kununua kwa njia ya haki analipa mbele ya kuona. Mwizi anajua hiyo. Hatungi hadithi mpya, anaingia tu ndani ya ile ya kweli.

Kinachomtenganisha na muuzaji wa kweli ni nambari ya shasi. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazitumii ile nambari ndefu ya herufi na tarakimu 17. Zao ni fupi, na mwanzo wake unaonyesha aina ya gari. Toyota IST za kwanza zinaanza na NCP60, NCP61 ao NCP65. SCP10 ni Vitz. Kwa hiyo IST yenye karatasi ya SCP10, hapo mazungumzo yamekwisha. Nambari inapashwa kuwa ileile kwenye chuma cha gari, kwenye karatasi ya Japani yenye kuruhusu gari itoke inchini, na kwenye karatasi ya meli, ile wanaita BL. Mwenye gari anapiga picha ya nambari dakika tano tu. Asiye nayo anaanza kukasirika, eti wateja wengine wanangoja.

Picha peke yake haitoshi, juu inaweza kuwa imeibwa kwa muuzaji mwingine. Google Lens inaweza kuonyesha ilipotoka. Video fupi, na jina la mununuzi limeandikwa kwenye karatasi kando ya gari, ni ngumu zaidi kudanganya.

Halafu konti. Kampuni ya Japani inapashwa kupokea malipo kwenye konti yenye jina lake yenyewe. Kama katikati ya safari imeili inasema "konti imebadilika", ni kusimamisha kila kitu na kupigia kampuni kwa nambari iliyojulikana tangu mwanzo. Kuna pia JUMVEA, umoja wa wauzaji wa gari za okazyo wa Japani, ambako jina la kampuni linaweza kutafutwa. Jina lisomwe herufi kwa herufi, maana saiti za uongo zinaiga jina la kweli na kubadilisha moja tu. Na kama makuta inaombwa kwa M-Pesa ao Airtel Money, jina la mwenye nambari likiwa lingine kabisa, hakuna "ni ndugu yangu" ya kukubali.

Kuhusu ile gari "iko Kasumbalesa": kutoka Lubumbashi ni chini ya kilometa 100. Nauli ya mutu mmoja wa kuaminika, aende aguse gari parkini na asome shasi, haifiki hata karibu na dola 300.

Aliyekwisha kutuma apigie kampuni ya simu palepale, mbele makuta haijatolewa, na asifute ujumbe hata mmoja: ndiyo ushahidi. Sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu makosa ya mitandaoni. Shida ni kumufikia mwenyewe, maana mara nyingi nambari aliyotumia imeandikishwa kwa jina la mutu mwingine.