KODI NA NAULI ZIHESABIWE PAMOJA

Ndugu Wafanya Kazi,

Tangu Nakuru ilipofanywa jiji mwaka 2021 twaulizwa: tupange Bondeni, au twende Kaptembwo au Rhonda? Hesabuni na nauli. Tuseme ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi: kwa siku 26 ni 2,600, na mvua ikinyesha hupandishwa (hilo mwalijua). Wa Bondeni huenda mjini kwa miguu. Kodi ya mbali isipopungua kwa kiasi hicho, hapana nafuu.

Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka tajiri atoe nyumba au pesa za kutosha kupangia. Akisema zimo ndani ya mshahara, aonyeshe mkataba. Leteni karatasi zenu za mshahara ofisini tuzitazame.