Sheikh Al-Amin, Kadhi Aliyekuwa Mhariri



Ndugu wasomaji, juma lililopita mzazi mmoja alitujia madrasani hapa Busia akilalamika kwamba twampotezea mwanawe wakati. Kosa letu ni kuwapa wanafunzi wakubwa kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya jambo lolote wanaloliona mtaani. "Ustadh, mimi nimemleta ahifadhi Qur'an, si awe mtu wa magazeti." Tulimjibu kwa upole, lakini jibu letu halikututosheleza sisi wenyewe, na ndiyo maana tumeshika kalamu.

Tungalikumbuka wakati ule, tungalimtajia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Huyu alizaliwa mwaka 1891, akafiwa na baba angali mdogo, akalelewa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka bahari hadi Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Hakuna atakayesema mtu huyo hakuijua Qur'an! Naye mwaka 1930 alianzisha kijarida akakiita Sahifa, yaani ukurasa. Ilikuwa ni karatasi moja iliyoandikwa pande mbili, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili.

Tuliangalie hilo la lugha, kwa sababu latuhusu sana. Sheikh alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo, na Kiarabu chake hakikuwa na shaka. Angaliweza kuwaandikia wanazuoni wenzake tu akasifiwa. Lakini aliwataka pia wauza samaki na kina mama wa nyumbani, basi akaandika kwa lugha yao na kwa herufi walizozijua tangu chuoni. Sisi huku Busia na Tororo tuna Lusamia, Ateso, Japadhola na Luganda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni na msikitini. Kila kamati ikikaa huzuka ubishi kama jarida letu liwe kwa Kiingereza ili "lionekane la maana". La maana kwa nani, ikiwa bibi wa mwanafunzi hataweza kusomewa?

Jambo la pili ni alichokiandika. Nchi ilikuwa chini ya Mwingereza, na ingekuwa rahisi kumlaumu Mwingereza kila juma. Lakini Sheikh aliwageukia Waislamu wenyewe. Aliwauliza kwa nini wanafuja mali katika harusi na matanga, kwa nini wanaiga ulevi na mavazi ya Wazungu huku wakiacha elimu na bidii yao, na kwa nini mabinti hawasomeshwi. Mengine aliyoyaandika juu ya bid'a wapo masheikh waliompinga, na mpaka leo wapo. Hatuwalazimishi wasomaji wetu wakubaliane naye katika kila mas'ala. Twasema tu kwamba alithubutu kuwaambia jirani zake, na wao wakijua nyumba yake ilipo.

Mwaka huohuo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki mwaka 1947, Allah amrehemu. Al-Islah halikuishi muda mrefu. Kwa maoni yetu, kiti cha serikali na kalamu ya mhariri havikai pamoja kwa urahisi, hata kwa mtu mwema. Lakini vile vijikaratasi havikupotea. Makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na watu wanakisoma hadi sasa. (Mwanawe Ali, aliyekuja kuwa profesa Makerere, alifiwa na baba akiwa na miaka 14 tu. Wanafunzi wetu wanaovuka mpaka kwenda Kampala walikuwa hawajui kwamba ni baba na mwana.)

Turudi kwa mzazi wetu. Mwanawe alikuwa ameshaandika ukurasa wake. Ameandika juu ya watoto wanaotumwa kuvusha bidhaa mpakani saa za madrasa, na wakubwa wanaowatuma kwa kuwa mtoto hasimamishwi sana njiani. Sentensi zake zapinda na tahajia yake yataka kusaidiwa, lakini hakuna neno la uongo ndani yake, na baadhi ya wakubwa hao husimama safu ya kwanza pamoja nasi. Tuliusoma mara mbili. Mwalimu mmoja alishauri tuuweke kabatini ili tusigombane na watu.

Tumeamua utoke katika toleo lijalo, bila jina la mtoto wala la yeyote aliyetajwa. Kabla ya hapo tumempelekea baba yake nakala aisome, na bado twangoja jibu lake.