Ebrahim Hussein Hakunyamaza, Tumemfungia Kabatini

Taja jina la mwandishi wa tamthiliya Ebrahim Hussein mbele ya waliosoma fasihi, hukosi wa kukuambia: alikuwa mkali, lakini alinyamaza. Wanahesabu miaka tangu tamthiliya yake Kwenye Ukingo wa Thim itoke mwaka 1988, basi wanamfutia jina. Imani hiyo naipinga kwa nguvu zote.

Mzaliwa huyu wa Kilwa alichapisha Kinjeketile, mchezo wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1969, bado kijana. Mwaka 1971 ikafuata Mashetani. Akasomea uzamivu Berlin, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipoacha kazi miaka ya 1980. Anayemdai zaidi aseme kwanza amefanya nini na alivyokwisha kupewa.

Tamthiliya haikamiliki mpaka mtu asimame aitamke mbele ya wenzake. Sisi je? Hapa Oldeani, wilayani Karatu, kama kwingineko, mwanafunzi hukariri dhamira, wahusika na mandhari, akafanya mtihani, kitabu kikarudi kabatini. Atakutajia ujumbe wa Kinjeketile bila kuwahi kumsikia Kinjeketile mwenyewe, mfungwa aliyepigwa, akikataa kutamka kwamba maji yake ya kuzuia risasi yalikuwa uongo. Anajua akitamka hivyo, kesho wajukuu wataambiwa babu zao walikosea kupigana. Huo ndio moyo wa mchezo, na haumo kwenye notisi.

Tena ni wapi mchezo huo ungeeleweka upesi kuliko hapa? Walowezi wa Kijerumani walilima kahawa kwenye miteremko hii, na habari za nyapara na kibarua katika shamba la mgeni, zilizomo mchezoni, si ngeni kwa wazee wetu.

Utaambiwa hatuna ukumbi, hatuna maleba, hatuna fedha. Hussein alikwisha kulijibu hilo. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka pamoja mwaka 1976, aliziandikia msimuliaji mmoja na hadhira yake, kwa mtindo wa fanani wa jadi. Zinataka sauti, uwanja na watu wa kusikiliza. Shule gani ya Karatu imekosa hivyo vitatu?

Walimu, kabla ya kuuliza dhamira, wasimamisheni wanafunzi waigize japo onyesho moja, na wazazi waitwe waje kutazama. Tukifanya hivyo muhula kwa muhula, ndipo tutapata haki ya kumuuliza Hussein kwa nini hajatuandikia tamthiliya nyingine.