Uzi Ukiisha Kabla ya Sweta

Mwezi uliopita tulianza sweta za watoto, maana hapa Bwera baridi ya asubuhi inayoshuka Rwenzori haina mchezo. Sasa wengi mnaniuliza: mwalimu, uzi umeisha, nifanye nini?

Usifunge fundo katikati. Mimi nilifunga, kwa sweta ya mdogo wangu, tena pale kifuani. Ilipofuliwa mara ya tatu fundo likafunguka, vitanzi vikaanza kushuka, mtoto akaenda shule na tundu. Niliona haya mimi, si yeye.

Basi, kabla ya kuanza mstari, pima uzi uliobaki. Kama haufiki mara nne ya upana wa kazi yako, usianze nao. Uache uning'inie pembeni, kama sentimita 15. Chukua uzi mpya, acha mkia kama huo, endelea kufuma. Kitanzi cha kwanza kitalegea, usiogope. Ukishafuma vichache, vuta mikia yote miwili polepole. Sweta ikishashonwa, pitisha kila mkia kwa sindano ndani ya mshono wa ubavuni, kwenda na kurudi, ndipo ukate.

Ninyi mnaofumua sweta kuukuu za mitumba, uzi wenu ni vipande vipande, hamtakwepa kuunga. Uloweshe kwanza, uanike umenyooka. Vile vifupi sana wekeni kwa kofia.

Mkija tena, leteni hata zilizoharibika.