Kiazi Kikipigwa na Mwanga



Mwezi huu tulivuta gunia la viazi mviringo lililosahaulika nyuma ya mlango wa stoo. Vya ndani vilikuwa vimetoa machipukizi meupe, membamba, marefu kama shibiri. Vya juu, palipoingia mwanga wa dirisha, viligeuka kijani. Binti anayetusaidia kazi alikwisha shika kisu. Tukamwambia, "Subiri kwanza, mwanangu."

Mmea ulioko gizani hutumia akiba yake yote kurefuka. Hauhangaiki na majani, kwa sababu majani bila mwanga ni hasara tupu. Ukishaupata mwanga, shina huacha kukimbia, hunenepa, na majani hufunguka. Kazi ya kuupima mwanga hufanywa na rangi maalumu iliyomo ndani ya mmea, iitwayo fitokromu. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza na Argentina walionyesha, kwa mmea mdogo wa jamii ya haradali, kwamba fitokromu hiyohiyo hupima na joto. Usiku ukiwa wa joto hulegea upesi, na mmea hurefuka kana kwamba uko kivulini. Sisi wauguzi hubeba tochi na kipimajoto mbalimbali. Mmea una kimoja kinachotosha!

Kiazi nacho kina neno lake na joto. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, nacho hupenda udongo wenye nyuzi 15 hadi 20 hivi. Ndiyo maana hustawi Njombe, Mbeya na Nyandarua. Tulipokuwa tukiishi Dar es Salaam tulipanda matuta mawili nyuma ya nyumba. Majani yalipendeza hata majirani wakatusifu. Tulipochimba tulipata viazi vya ukubwa wa gololi, tena vya kuhesabu.

Turudi kwenye vile vya kijani. Rangi yenyewe ni ileile ya majani, haina madhara. Lakini mwanga ulioileta huongeza pia sumu iitwayo solanini, hasa kwenye ganda, machoni na katika machipukizi. Anayekula nyingi huumwa tumbo na kichwa, hutapika na kuharisha. Mtoto mdogo huzidiwa upesi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Kuchemsha hakuiondoi, wala kukaanga. Kikiwa na doa dogo tu, menya ganda lote na ukate doa na macho kwa kina. Kikiwa kijani sehemu kubwa, au kikiwa kichungu mdomoni, tupa. Na maganda yake usimpe mbuzi wala kuku.

Kutupa kunauma, tunajua. Siku ile tulitupa nusu debe, na wifi yetu akatuona tunafuja mali ya kaka yake. Tangu hapo viazi vyetu hukaa ndani ya kikapu penye giza, ubaridi na hewa, si kwenye mfuko wa plastiki wala juu ya meza dirishani.

Vya mbegu ni kinyume chake. Hivyo vitandaze tabaka moja penye mwanga hafifu, pasipo jua kali. Machipukizi yatatoka mafupi, manene, ya kijani, yasiyovunjika ovyo wakati wa kupanda.