Haki ya Mpagazi



Katika bara ya Lindi, huko Nachingwea na Ruangwa, Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 haikupiganwa kwa bunduki peke yake, bali kwa mabega ya wapagazi. Mbung'o waliua farasi na punda, na barabara za magari hazikuwapo; basi majeshi yakatwaa watu pamoja na vyakula vyao. Ruponda, iliyomo leo wilayani Nachingwea, ilikuwa ghala ya chakula ya Wajerumani hata Waingereza walipoiteka Oktoba 1917.

Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao 1,000,000 kutoka nchi mbali mbali za Afrika. Waliokufa walizidi 95,000, wengi wao kwa maradhi, si kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu yao. Lakini ujira wa wengi katika marehemu hao haukuwafikia warithi wao.

Twawauliza wenye nyumba: na sisi je? Kijana atupalilia mikorosho, au mtumishi wa jikoni, akifa leo, tumeandika jina lake kamili, kwao, na kiasi anachotudai? Sura ya Al-Baqara imetuamuru kuandika deni, na Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kuharakisha ujira. Haki ya mtu haizikwi pamoja naye. Ni mali ya warithi wake. Basi tuandike leo, na tulipe leo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.