Shahada ya Uzamivu Ipo, Kazi Je?

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na vijana wanaomaliza shahada ya uzamili, hasa wa uhandisi, kompyuta na sayansi za afya, ni hili: "Dokta, nafasi za uzamivu zinapatikana wapi?" Huwajibu kwamba zipo. Vyuo vikuu vya Norway, Uholanzi, Sweden, Ujerumani na Uingereza hutangaza nafasi za utafiti wa teknolojia ya afya kila mwaka: vifaa tiba, mifumo ya taarifa za hospitali, akili mnemba ya kusoma picha za eksirei, huduma zinazotolewa kwa simu ya mkononi. Nyingi zina mshahara, na baadhi yake humtafuta waziwazi mwombaji aliye tayari kwenda kukusanya data Afrika. Kijana akifika kwenye sentensi hiyo ya mwisho, macho humng'aa. Mimi humwomba aketi kwanza tuzungumze.

Sina ugomvi na safari. Waliojenga vyuo vyetu wengi wao walisomea ng'ambo, na kama wangebaki nyumbani kwa ajili ya uzalendo tusingekuwa na wa kutufundisha. Hoja yangu ni nyingine: katika fani hii, zaidi ya fani nyingi, anayechagua swali la utafiti ndiye anayeamua nani atapona.

Chukua kifaa kidogo ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa Uviko-19, kile cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu. Kifaa hiki hupitisha mwanga kwenye kidole na kukadiria kiwango cha oksijeni kutokana na namna mwanga huo unavyofyonzwa. Desemba 2020, watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo katika New England Journal of Medicine. Walilinganisha kipimo cha kidoleni na kipimo cha damu ya mshipa wa ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilionesha kiwango cha asilimia 92 hadi 96, yaani kiwango ambacho muuguzi aliyezidiwa na kazi angepita kitanda bila wasiwasi, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Dalili za kasoro hiyo zilikuwa zimeandikwa katika majarida ya tiba tangu mwaka 1990. Ilipita miaka thelathini na kifaa kikaendelea kuuzwa, kikaletwa mpaka kwetu, ambako ngozi nyeusi ndiyo ngozi ya karibu kila mgonjwa. Sidhani kwamba kulikuwa na hila. Nadhani wenye maabara hawakuwa na sababu ya kulifanya swali hilo kuwa la kwanza, na wenye sababu hawakuwa na maabara.

Huo ndio msingi wa kudai kwamba uzamivu wa teknolojia ya afya ufanyike hapa, katika vyuo vyetu, kwa maswali yetu. Wapo watakaosema kwamba sisi bado, tusubiri kwanza tuwe na dawa na magodoro. Jibu lao tunalo nchini, tena si la miaka mingi iliyopita.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, kulianzishwa mradi wa Safer Births uliowaunganisha watafiti wa Kitanzania na wa Norway pamoja na kampuni ya Laerdal ya Stavanger. Swali lao lilitoka wodi ya wazazi: kwa nini mtoto aliyekuwa hai mama alipopokelewa anazaliwa akiwa amekufa, au anakufa ndani ya saa ishirini na nne? Wakashughulika na mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, ambayo mkunga mmoja mwenye wajawazito wengi hawezi kuyasikiliza kila baada ya nusu saa kwa fimbo ya kusikilizia. Wakashughulika pia na namna ya kumpa pumzi mtoto asiyelia. Kifaa kimojawapo kilichotokana na kazi hiyo kinaitwa Moyo, kwa Kiswahili hichohicho. Wanafunzi wa uzamivu, Watanzania na Wanorwei, waliandika tasnifu zao ndani ya mradi huo, wakikipima kifaa, wakiwahoji wakunga, wakihesabu dakika. Kisha vifaa na mafunzo yakafungwa pamoja na kupelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalitoka mwaka 2025 katika jarida lilelile nililolitaja hapo juu, na mwandishi wake wa kwanza ni Mtanzania, Benjamin Kamala. Vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto elfu moja, katika uzazi wa zaidi ya watoto 270,000.

Asomaye takwimu hiyo haraka ataona tofauti ndogo. Azidishe basi kwa idadi ya watoto wanaozaliwa nchini kila mwaka.

Ninaupenda mfano wa Haydom kwa sababu unaonesha jambo ambalo matangazo ya nafasi hayalisemi: tasnifu moja haiokoi mtu. Kilichookoa ni tasnifu nyingi zilizoshikana kwa zaidi ya miaka kumi juu ya swali moja, mahali pamoja, na watu walewale wakiendelea kuwapo baada ya kuvaa majoho. Historia ya DHIS2 inasema hivyohivyo. Programu hii inayokusanya takwimu za afya inatumika leo katika nchi zaidi ya 70, na ilizaliwa katika ushirikiano ulioanza Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990 kati ya Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa huko. Wahadhiri kadhaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipata uzamivu Oslo kupitia ushirikiano huo, wakirudi na kurudi tena kwenye vitabu vyetu vya MTUHA, vile vikubwa ambavyo kila muuguzi wa zahanati anavijua na kuvichukia. Waliporejea hawakuishia kufundisha. Waliingia kwenye kazi ya kuujenga na kuusambaza mfumo nchini. Waliuweza kwa sababu walikuwa na idara ya kurudia.

Upande wa pili wa sarafu tuliuona kwa majirani. Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisitisha miradi yote ya majaribio ya afya ya kidijitali hadi itakaporatibiwa upya. Miradi ilikuwa imezagaa, kila mmoja na mfadhili wake, kila mmoja na simu zake, haizungumzi wala haiulizani hali. Mingi ya aina hiyo huwa na mwanafunzi wa uzamivu ndani yake. Sura ya nne inapokamilika, simu zinakusanywa.

Sasa niseme kinachonikera zaidi, nacho si wafadhili wa nje. Ni sisi.

Nchini Norway, Uholanzi, Sweden na Denmark, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa. Ana mkataba wa miaka mitatu au minne, ana mshahara, ana likizo. Kwetu mwanafunzi wa uzamivu ni mlipa ada. Kama ni mhadhiri msaidizi, atapewa ruhusa ya masomo kwa barua nzuri, kisha ratiba ya muhula itatoka na jina lake litaonekana kwenye kozi tatu zenye wanafunzi mia nne kila moja. Ataandika tasnifu usiku. Nimemsimamia mmoja, mhandisi hodari, ambaye alihitaji kifaa cha kupimia usahihi wa mashine za oksijeni alizokuwa akizichunguza. Kuagiza kifaa hicho kupitia taratibu za manunuzi za chuo kimojawapo kulichukua miezi kumi na minne. Alipokipata, mashine mbili kati ya zile alizotaka kuzipima zilikuwa zimeshaharibika na kuwekwa stoo. Alicheka, akabadilisha jedwali.

Stoo hizo zenyewe ni maabara. Mwaka 2011 Perry na Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye rasilimali haba, wakakuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Sababu kuu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, wa usimamizi na wa miundombinu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji satelaiti. Umeme unaoruka, spea isiyopatikana Kariakoo wala Nairobi, kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua fundi: haya ni maswali ya uzamivu kabisa, na yanaweza kujibiwa na vijana wanaosoma uhandisi wa vifaa tiba DIT na Chuo cha Ufundi Arusha iwapo watafunguliwa mlango wa kupanda hadi juu. Tatizo ni kwamba fani imekatwa vipande. Tabibu yuko Muhimbili, mhandisi yuko Mlimani au DIT, na mtu wa hesabu za akili mnemba labda yuko Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Kumsajili mwanafunzi mmoja chini ya wasimamizi wawili wa vyuo viwili, nani apokee ada na nani ahesabiwe mhitimu, ni mazungumzo yanayoweza kumaliza mwaka.

Nitaje pia suala la lugha, ingawa wahandisi huniona nimetoka nje ya mada ninapolitaja. Mgonjwa wetu akisema "chembe ya moyo inauma", anaonesha pale chini ya kifua, juu ya kitovu, na mara nyingi shida ni tumbo. Mashine iliyofunzwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa juujuu itasikia "moyo" na kumpeleka kwenye mshtuko wa moyo. Neno "degedege" lina uzito wake pia: watafiti wa malaria nchini walilieleza tangu miaka ya 1990, jinsi familia nyingi zilivyolihusisha na mambo ya pepo na kumpeleka mtoto kwa mganga wa jadi kwanza. Mtu akitaka kujenga programu ya kuwasaidia wahudumu wa afya ngazi ya jamii bila kuyajua haya, atajenga kitu kinachosema vizuri na kuelewa vibaya. Hapo mtaalamu wa isimu wa Mlimani anahitajika kuliko kompyuta mpya.

Kuhusu data, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Kijana anayesaini mkataba wa kubeba picha za eksirei za wagonjwa elfu kumi kwenda chuo cha ng'ambo aisome kabla ya kusaini, na chuo chake kiisome kabla yake.

Narudi kwenye kazi. Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, unasomesha wahadhiri wengi hadi uzamivu, na nimefurahi. Lakini mkopo una mwisho. Umoja wa Afrika ulijiwekea lengo la kila nchi kutenga asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo, nasi hatujalifikia. COSTECH ina mfuko wake, MTUSATE, ulio mdogo kuliko majukumu uliyobebeshwa. Aliyepata uzamivu wa teknolojia ya afya akirudi, mlango alioachiwa ni mmoja: kufundisha. Nenda katika hospitali ya rufaa ya mkoa uulize ikama yake. Utaelezwa kuhusu ofisa TEHAMA na fundi sanifu wa vifaa tiba. Mtafiti mwenye uzamivu wa kuchagua mashine ipi inunuliwe, kuipima ikifika, na kuandika kwa nini imeshindwa, utamtafuta sana.

Wasomaji wangu mlio serikalini, jambo hili liko mezani kwenu na halihitaji mfadhili. Ajira ya mkataba wa miaka minne kwa mwanafunzi wa uzamivu, itakayotambuliwa kama utumishi. Na nafasi ya mtafiti wa teknolojia ya afya katika muundo wa utumishi, kuanzia hospitali za kanda. Tukianza na watu ishirini kwa mwaka, gharama yake haiwezi kulingana na thamani ya mashine zinazolala stoo.

Kwa vijana: ombeni hizo nafasi. Ombeni za Norway, ombeni pia ushirika wa CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanzishwa mwaka 2008, ambamo Taasisi ya Afya Ifakara imo. Huko unasoma ukiwa bado mtumishi wa taasisi yako. Kabla ya kutuma barua, nendeni mkakae wiki mbili katika kituo cha afya kimoja, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, mkiangalia tu. Andikeni mashine ipi imefunikwa kwa kitambaa na tangu lini. Kisha katika usaili mwulizeni msimamizi mtarajiwa mambo mawili: swali hili la utafiti limetoka kwa nani, na data itakaa wapi nikimaliza. Akiwajibu kwa utulivu, fungasheni.